Kibonde cha Chumvi Kwenye Mlango wa Landrova

Simu ilinikuta sokoni Korogwe, nikibishana na muuza nyanya. Binti wa marehemu hakuzunguka: "Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya adhuhuri, hapa Chanika, Handeni." Nilizirudisha nyanya za watu nikaenda kutafuta usafiri wa Handeni. Njiani nikawa najiuliza niseme nini wakiniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Sikusoma naye, hatukuwa ndugu, wala hatukuwahi kutembeleana sikukuu. Tulifahamiana kwa ajili ya gari bovu. Ninyi mnaonisoma mnanijua, nikiona jambo nisilolielewa huwa situlii mpaka niulize, na mtu huyu alikuwa jambo nisilolielewa kwa muda mrefu.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule moja ya kata ya Kerenge, nilikokwenda kwa shughuli zangu nyingine kabisa. Wanafunzi walikuwa madarasani, na chini ya mti pale nje alisimama mzee mnene kidogo, kofia ya kufuma kichwani, anaigonga kengele ya shule kwa ukucha, anaigeuza, anaichungulia kwa ndani. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akimwangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Kengele yenyewe, kama zilivyo nyingi katika shule zetu, ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwa mnyororo. Mzee akaonyesha kiraka cha kuchomelea ukingoni na kusema kwa utulivu, "Ndiyo yenyewe, mwalimu. Hii ni rimu ya gari langu." Alikuwa amekuja na rimu nyingine, nzima, amebebwa nayo kwa bodaboda, akiomba wabadilishane.

Mwalimu hakuwa mkorofi. Alikubali wajaribu. Wakaitundika ile mpya, wakaipiga. Watoto darasani wakaanza kucheka, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia shamba la ng'ambo akaja mbio na jembe lake kuuliza kuna msiba gani, maana mlio ule haujui. Mzee akasikiliza, akajikuna kidevu. "Rudisheni ya kwenu," akasema. "Watu wameizoea." Akafunga rimu yake tena nyuma ya bodaboda, hana kinyongo hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshasahau kilichonipeleka Kerenge. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamwuliza gari gani hilo ambalo rimu yake mtu anaisaka hadi shuleni. Akaniambia, "Njoo Chanika ulione. Kwa mdomo halielezeki."

Nikaenda. Alikuwa bwana shamba mstaafu, na nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha bati, lilikuwepo gari la zamani, landrova ya wakati wa baba zetu. Niliiona nikacheka, naye akaniacha nicheke mpaka nikamaliza. Chasisi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba sehemu nyingine ungeweza kuimega kwa vidole. Alikuwa akiikata vipande vibovu na kuchomelea vyuma vipya, anasugua kwa msasa, anapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha anahamia futi nyingine. Bodi yenyewe hailiwi na kutu kwa sababu ni aluminiamu, lakini bodi nayo haikuwepo. Gari lilikuwa la mwenye duka mmoja wa mjini, mtu wa asili ya Kihindi, aliyelitumia kubebea mahindi, wagonjwa, maharusi na chochote kilichohitaji kubebwa. Lilipochoka likawekwa nyuma ya duka, na kwetu gari likishawekwa nyuma ya duka watu huanza kuja na spana. Marehemu alipolinunua, boneti lilikuwa limefunika kisima cha mtu. Mlango wa dereva ulikuwa mlango wa banda la kuku. Kiti cha mbele kilikuwa kwa kinyozi, na wateja walikisifia kuliko kunyoa kwenyewe.

Marehemu alivifuata vyote hivyo nyumba kwa nyumba. Hakwenda na maneno ya "hiki ni changu". Alikwenda na msumeno na mbao. Mwenye kisima alitengenezewa kwanza kifuniko kipya chenye bawaba, ndipo boneti likaondoka. Kuku walipata mlango wa mninga ambao mimi mwenyewe ningeutamani kwa chumba changu. Mkewe alikuwa akimtania mbele yangu, "Huyu ametengeneza milango ya Handeni nzima, wa choo chetu bado unafungwa kwa kamba." Naye anacheka, anaendelea na msasa wake. Nilimwuliza zaidi ya mara moja kwa nini asitafute gari zima la namna ileile, maana yapo. Alinipa majibu ya kunifukuza: kwamba ana muda, kwamba hapendi kukaa bure. Nikajua ananificha kitu.

Aliyenitobolea siri ni mama yake, bibi mdogo wa umbo, mkali wa macho, aliyeishi naye pale pale. Nilimwamkia, nikakaa naye kibarazani, nikauliza swali langu. Akaniambia mwanawe alizaliwa ndani ya gari lile. Yeye bibi wakati huo alikuwa binti mwenye mimba ya kwanza, uchungu ukakaa vibaya, wazee wakaamua apelekwe Korogwe, na mwenye duka akawasha gari mwenyewe. Walimlaza nyuma juu ya magunia. Katikati ya njia mtoto akatoka salama, na mama mkwe wake aliyekuwa akimshika akamwambia dereva, "Keshazaliwa huyu, Korogwe tunafuata nini tena? Geuza gari." Likageuzwa. "Mimi nilikuwa sijawahi kufika Korogwe wakati ule, mwanangu," bibi akaniambia. "Nilikuwa na uchungu, nalia, lakini moyoni nafurahi kwamba leo nitaiona stesheni na gari moshi. Wakanirudisha. Nimekwenda Korogwe baadaye kwa mabasi, nimechoka nayo. Lakini safari ile haijafika." Mwanawe alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni, yakisemwa kwa mzaha, na alipostaafu akakata shauri kwamba atamfikisha. Ndiyo hiyo kazi niliyokuwa nikiicheka.

Kilichobaki baada ya hapo ni mlango wa nyuma, ule mfupi unaofunguka kwa kushushwa chini. Aliupata kwenye shamba moja la mkonge lililoachwa, rangi ileile ya kijani, ukakaa mahali pake barabara. Akamwita mama yake aje aone. Nilikuwepo siku hiyo. Bibi akaupapasa mlango kwa ndani, juu, chini, kushoto, kisha akamtazama mwanawe. "Huu umeutoa wapi? Mbona nilipopiga teke hapaonekani?" Marehemu akauliza ni teke gani. Miaka yote hiyo ya kusimuliwa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto alipokuwa anatoka mama yake aliupiga mlango ule kwa kisigino hadi bati likaingia ndani, na mwenye duka hakuwahi kulinyoosha. Mashamba yetu ya mkonge yalikuwa yamejaa magari ya namna ile, yote ya kijani, na yeye alikuwa ameokota mlango wa wenyewe. Aliufungua boliti jioni ile ile, akauweka kando.

Aliupata wa kweli Mkata, kando ya barabara kuu, ambako mabasi husimama watu wakanyoosha miguu. Nilikwenda naye. Mama mmoja anauza pale muhogo wa kukaanga na wa kuchemsha, na meza yake ilikuwa mlango wa landrova uliolazwa juu ya miti minne. Karibu na ukingo palikuwa na kibonde, mviringo mzuri, na ndani yake chumvi na pilipili ya kusaga. Wateja wanachovya humo humo. Marehemu alinunua muhogo, akachovya, akala wote kabla hajafungua mdomo. "Dada," akasema, "hiki kibonde ulikichimba wewe?"

"Nilikikuta nacho. Mungu alinitengenezea kibakuli."

"Mimi nauomba huu mlango. Nitakutengenezea meza ya mninga, na kibonde nitakuchongea."

"Meza ya mbao inanyonya mafuta, kaka. Hii napangusa mara moja inang'aa. Juu ya hii nimesomesha watoto wangu, sasa unataka niitoe kwa sababu gani?"

Akamweleza. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Kumbe hapa ninapowekea chumvi ni teke la mama yako? Yu hai?" Akamjibu kwamba yupo, Chanika. Mama wa muhogo akasema, "Basi mlete. Aje auombe mwenyewe, nami nitamsikiliza. Siwezi kumpa mtu meza yangu kwa hadithi." Marehemu alikubali palepale, akaona ni haki. Njiani nilimwambia ampandishe bibi basi kesho yake, jambo liishe. Alikataa. Alitaka amlete kwa gari lenyewe. "Breki tu zimebaki," akaniambia. Breki zilimchelewesha sana, maana vifaa vyake havipatikani kirahisi, na nilipopiga simu kumjulia hali jibu likawa lilelile. Hatimaye zikashika. Akalizungusha gari mtaani, watu wakatoka nje kulitazama, binti yake akajifunza kuliendesha. Kisha presha ikampanda, na hakuamka.

Tulimzika. Landrova ilikuwa kibandani, imeng'arishwa, nyuma iko wazi. Niliitazama nikashikwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, maana ni ujinga kumkasirikia marehemu kwa sababu ya breki. Siku chache baadaye nilikwenda Mkata. Sikuwa na mpango wowote, niliona tu kwamba yule mama ana haki ya kujua kwa nini mteja wake haji tena. Nilimwambia.  Aliuhamishia muhogo kwenye beseni, akaikomba chumvi kwa kijiko akaitia kwenye kikombe, akaupangusa mlango pande zote mbili. "Nisaidie kuushusha," akasema. "Umesema hitima ni kesho." Tukauweka kwenye buti la basi la Handeni, naye akapanda pamoja nami.

Hitima ilipokwisha akamfuata bibi. Alipiga goti, akamwamkia, akasema, "Mama, nimeleta mlango. Mwanao nilimdai makubwa mno."  Bibi aliweka kiganja kwenye kile kibonde. Kisha akamwambia mjukuu wake, yule binti, "Kaufunge. Twende." Mjane alikuwa amekaa eda, hakuweza kutoka. Nilimsikia tu akisema kutoka ndani, "Mwendeshe pole pole mama." Bibi alikataa kiti cha mbele. Siku ile alikuwa nyuma, na leo atakaa nyuma. Tukamtandikia godoro, mama wa muhogo akakaa upande mmoja kumshika, mimi upande wa pili. Barabara siku hizi ni ya lami na mwendo ulikuwa mzuri, lakini kila gari lilipotupita bibi alisema, "Mwache apite, sisi hatuna haraka." Mahali fulani katikati, penye kichaka cha kawaida tu, alinyoosha kidole nje. "Ni hapa," akasema. Binti alitaka kusimama. Bibi akakataa. "Hapa tumeshawahi kusimama. Endelea."

Tulisimama nje ya geti la hospitali, Korogwe. Tukaushusha mlango, bibi akaketi juu yake, miguu inaning'inia, kisigino hakifiki popote. Alitazama watu wakiingia na kutoka, mama mmoja akiwa na kichanga kifuani. Nilidhani atasema, "Nimefika." Alisema, "Amefika." Binti akaanza kulia kwa sauti, na mimi pia nililia, sioni aibu kuliandika.

Alipomaliza kutazama alimgeukia mjukuu wake. "Sasa mrudishieni mwenzetu meza yake." Binti akashtuka. "Bibi, baba aliuhangaikia mlango huu mpaka amekufa." Bibi akamjibu bila ukali, "Aliuhangaikia ili nifike. Nimefika. Huyu mwenzetu kesho atauzia wapi?" Mama wa muhogo akasema si lazima, bibi akasema ni lazima, na mambo yakawa kama alivyotaka bibi.

Kwa hiyo landrova imerudi kibandani Chanika, nyuma iko wazi kama mwanzo, na kengele ya Kerenge inalia kwa mlio wake. Nimekuwa nikisikia watu wakisema habari za kutupa vitu vya kale tuanze upya, na wengine wakisema turudishe kila kitu kilivyokuwa. Marehemu sikumsikia akisema lolote kati ya hayo. Alijua kwamba ukitaka kujenga upya kilichovunjika itabidi upite kwenye nyumba za watu, na kwamba kila kipande kina mwenyewe sasa, kina kazi, na huwezi kukichukua kabla hujamwuliza mwenyewe atabaki na nini. Mimi nimejifunza kuuliza hivyo kabla ya kuita kitu chakavu. Juzi nilisimama Mkata. Meza iko palepale. Nilinunua muhogo, nikachovya pale alipopiga teke mama wa mtu, na chumvi ilikuwa imekolea vizuri.