Kaptula ya Wanga wa Muhogo

Adyero alikuwa amekaa mwaka mzima katika nyumba za polisi pale Naguru, na mwaka huo wote aliamini kwamba nyuma ya vyoo hakuna kitu ila kichaka cha kumwagia majivu.

Ukiacha kumbembeleza binti yake Acayo, raha yake ilikuwa kupiga wanga kaptula za sare za mumewe, Olanya. Madukani wanga hakuna, sabuni hakuna, sukari ndiyo usiulize. Basi alipika uji mwepesi wa muhogo, akachovya, akaanika. Kaptula ikikauka ilisimama yenyewe chini, utadhani askari yumo ndani.

Asubuhi ya gwaride la ukaguzi, jirani yake Alanyo akapiga kelele uani: "Mama Acayo! Kaptula ya shemeji inatembea!"

Kumbe tumbili ameibeba kichwani, huyoo, kichakani.

Ndani, Olanya alikuwa amejifunga kanga ya mkewe. "Watasema nimewauzia waasi," alinong'ona, midomo imemkauka. "Watu wanapotea kwa kifungo cha shati tu, mama, sembuse kaptula nzima!" Ile ya pili ilikuwa ndooni, imelowa.

Adyero akambeba Acayo mgongoni, akachukua sufuria yenye uji uliobaki, akapita vyoo. Mara mji ukanyamaza. Miti mirefu kupita nguzo za simu! Ndege hondohondo akakohoa juu huko kama baba mkwe anayetaka chai. Acayo akacheka, na Adyero akasahau kidogo alichofuata. Mwaka mzima, na haya yote yako nyuma ya choo?

Kwenye tawi, tumbili jike, mtoto tumboni kamng'ang'ania, alikuwa analamba kaptula mguu wa kulia, taratibu, macho kafumba.

"Mama mwenzangu," Adyero akambembeleza, "baba wa huyu yuko nyumbani na kanga." Akaweka sufuria chini, akarudi nyuma.

Tumbili akatazama sufuria, akatazama kaptula. Akaitupa.

Gwarideni, wake za askari wakichungulia kutoka uani, mguu wa kushoto wa kaptula ulisimama kama ubao; wa kulia ulining'inia kama kitambaa cha jikoni. Mkaguzi akasimama hapo hapo.

"Huu una nini?"

"Umechoka, afande."

Mkaguzi akauma mdomo, mabega yakamtikisika, akapita.

Tangu hapo, kila akipika wanga, Adyero hupeleka kwanza sufuria nyuma ya vyoo.

"Eh, umepata mke mwenza?" Alanyo humtania.

"Mke mwenza gani? Huyu hata kaptula ya mume amenirudishia."