Fundi Aliyetuambia Tuvae Ndala

Fundi redio wa Mtendeni amekufa. Habari nimeletewa na mwanawe, akaniomba kwa upole niandike mawili matatu kuhusu baba yake, maana hapa Tabora, kwa maneno yake, hakuna redio ya zamani ambayo haikupita mikononi mwa mzee. Ni kweli. Nimekwenda msibani, nimeitikia dua, nimekula pilau, na sasa naandika. Sidhani kama mwanawe atayapenda.

Wasomaji vijana hawaijui shida ya betri miaka ile ya Ujamaa. Zilipoadimika madukani, redio zetu zikawa bubu, na hapo ndipo fundi wetu alipojipatia jina: alizigeuza zitumie umeme wa ukutani. Kazi hiyo inataka transfoma, kile kipande kizito cha chuma na waya kinachopunguza umeme na kuutenga na bodi ya redio. Yeye hakuiweka. Aliunga waya wa ukutani moja kwa moja na chuma cha ndani, akabandika vikorokoro vyake vya kupunguza nguvu, kisha akasimama barazani kifua mbele. "Transfoma ni mambo ya mabepari," alitutangazia. "Sisi tunajitegemea!" Tukampigia makofi, wajinga sisi. Redio ikishaimba, nani atauliza imeimbaje?

Shangazi yangu aliuliza. Alikuwa mshonaji wa kofia, na kazi ya mkono wake ilijulikana msikitini hata kwa wasiomjua sura.

"Fundi, redio yako inauma," alimwambia nikiwepo. "Nikishika kitufe cha kuzima nasikia ganzi mpaka begani."

"Vaa ndala, Bibi. Umeme haupiti kwenye mpira."

"Nivae ndala juu ya mkeka ninaoswalia? Hivi wewe kwenu mnaingia na viatu?"

Fundi akacheka, na mumewe shangazi akacheka naye, kwani mwanamke anayeogopa redio alikuwa kichekesho kizuri. Haukupita muda, adhana ikamkuta shangazi redio yake inapiga muziki. Alikuwa ametoka kutawadha, miguu peku, mikono inachuruzika maji. Akanyoosha mkono aizime, kama ambavyo angefanya yeyote mwenye heshima na sala. Umeme ukamnasa. Mumewe alikimbilia waya akauchomoa, na shangazi akapona, lakini vidole vya mkono wa kulia vilijikunja na havikushika sindano tena. Fundi alikuja kumjulia hali na mkungu wa ndizi, akaketi, akasema mbele ya watu wote, "Nilimwambia avae ndala." Watu wakaafiki. Sijapata kuyadharau maneno maishani mwangu kama hayo. Mtu anakutegea mauti sebuleni, halafu anakulaumu kwa kuishi kwako unavyoishi!

Hata hivyo, kwa miaka mingi nilimsamehe nusu. Nilidhani hakujua. Nchi ilikuwa changa, vipuri vilikuwa vya kuotea, kila mtu akibahatisha. Juzi pale msibani mwanawe akanionyesha redio ya marehemu, ya sebuleni kwake, aliyoigeuza miaka hiyohiyo. Tulikuwa peku sote, mkekani. Akaufungua mgongo wake kwa fahari ili nione kazi safi ya baba. Ndani nikaona transfoma, nzito kama nusu tofali, imekazwa vizuri kwa skrubu, waya zote zimefunikwa. Nikaomba iwashwe, nikaishika kila mahali. Haikuuma.

"Sisi watoto tulikuwa tunaichezea tu," mwanawe akasema. "Mzee hakuwa na wasiwasi."

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, na ile transfoma aliijengea familia yake, sisi akatujengea hotuba. Hakuwa peke yake. Miaka ile walikuwapo wengi waliotuhimiza jukwaani tujifunge mkanda, huku makabati yao yamejaa sukari. Ila sukari ya mtu haikumnasa shangazi yangu.

Basi mkitafuta fundi, au kiongozi, msijisumbue na anayoyasema barazani. Ingieni sebuleni kwake, vueni viatu, mshike alichowawekea wanawe. Kisha mdaini hichohicho.