Soketi Chini ya Karoti

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Lushoto, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinyoosha kiganja. "Pete, binti. Na saa." Nikavua. Akauliza, "Ukifungua betri unaanza upande gani?"

"Chanya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hasi kwanza! Spana ikiwa kwenye chanya ikagusa bodi, utaona nyota mchana."

Ninyi mnaoanza, somo lililofuata nililipata kwa Kaka Mbaruku, dereva wa pikapu ya Mama Hadija, iliyokuwa ikishusha karoti kutoka Vuga hadi Mombo. Fyuzi ya taa za breki ilikuwa haikai. Fyuzi ni kile kijiwaya kinachokubali kuungua ili waya mzima upone. Tukaweka mpya, ya ampea zilezile. Ikaungua tena.

"Huyu anaharibu makusudi apate kushinda gereji," Mama Hadija akasema. "Jumamosi ufunguo nampa mwingine."

"Mama yangu, nizime taa halafu niteremke kona zile na malori nyuma? Nina wazimu?"

Fundi Mkuu akaninong'oneza nitafute alama ya kisu. Roho iliniuma, lakini na mimi nikamtazama mikono yule kaka, naye akaniona.

Nikafungua hasi, nikafuata waya toka boksi la fyuzi kwenda nyuma, nikiupapasa bila kuuvuta. Kisu hakuna. Chini ya bodi la mzigo nikaikuta soketi, pale waya zinapochomekana. Nikabana kikufuli chake, nikaichomoa kwa kushika soketi yenyewe, si waya. Ndani maji, na kutu ya kijani imeunganisha pini zisizotakiwa kugusana.

Karoti! Zinaoshwa mtoni, zinapakiwa zikichuruzika, wanunuzi wazione zinang'aa. Na aliyeagiza zimwagiwe maji tena njiani ni Mama Hadija mwenyewe.

"Ni maji yako, Mama," Fundi Mkuu akasema.

Tukafunga soketi mpya, tukaipandisha palipo pakavu, hasi nikairudisha mwisho. Mama Hadija akamnyooshea Mbaruku ufunguo. Hakuupokea.

"Kanyaga breki wewe, Mama. Na ninyi mafundi njooni msimame huku nyuma na mimi, muone." Taa zikawaka. "Tena." Zikawaka. "Tena!"

Ndipo akachukua ufunguo, akaondoka bila kuaga.

Sasa nimeiacha gereji ile, nina kibanda changu, na dereva simwangalii mikono kabla sijapima waya. Kaka Mbaruku hupita hapa kila siku ya soko. Hunipungia mkono kwa adabu kabisa, kisha gari analipeleka kwa fundi wa mbele.