Seremala wa Stafford

Majuzi nilipita mtaa wetu wa zamani pale Stafford, nikaliona sanduku la barua la jirani yetu limetupwa juu ya takataka, jina lake bado likisomeka: Charpentier.

Papa alipolisoma jina hilo mara ya kwanza, tulikuwa wageni kutoka Bukavu. Mama alikuwa amebaki kule akingoja viza. Tulilalia godoro sakafuni, na Papa hakuwa na Kiingereza wala mtu wa kuongea naye.

"Charpentier, kwa Kifaransa ni kusema seremala," aliniambia, uso umemchangamka. "Huyu ni mtu wetu. Twende tumusalimie."

Nilidhani tunakwenda kuagiza kitanda cha Mama.

Mzee alikuwa akichoma mbavu uani, moshi ukinukia mpaka barabarani. Papa alivua kofia, akamwaga Kifaransa chote alichokuwa amekifungia kifuani. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwa Kiingereza cha polepole. Leo najua alisema nini: Kifaransa hakijui, hilo ni jina tu la mababu zake wa Louisiana. Siku ile niliona tabasamu lake na nyama aliyotufungia, nikajua amekubali kazi.

Tukarudi nyumbani, Papa akaifungua nyama.

"Kitanda cha Mama kitakuwa tayari lini?" nikamuuliza.

"Kula, mwanangu. Nyama itapoa."

Mama alinyimwa viza, akanyimwa tena, mpaka akafia kulekule. Baada ya msiba Papa alijinunulia kitanda dukani, cha mtu mmoja.