Mkurugenzi Anayefagia Ghorofa ya Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, Mchafukoge jijini Dar es Salaam, Severa Kavishe anapandisha ndoo ya maji hadi ghorofa ya nne kwa mkono wa kushoto. Lifti bado haijawashwa. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Akifika juu hashiki ufagio. Anakwenda dirishani, anasogeza pazia kidogo, anatazama chini barabarani ambako wapagazi wameanza kushusha mizigo ya Kariakoo.

"Siku hizi kila gari jeupe naona limenifuata mimi," anasema. "Nikihakikisha ni la mzigo tu, ndiyo naanza kazi."

Severa ana miaka 51, mzaliwa wa Rombo, Kilimanjaro. Ni mhudumu wa ofisi. Anafagia, anapiga deki, anachemsha chai ya tangawizi ya watu kumi na wanne na kuwapelekea mezani. Analipwa shilingi 280,000 kwa mwezi, na chumba alichopanga karibu na soko la Mchikichini kinakula 70,000.

Huyo ndiye Severa wanayemjua majirani. Kwenye makaratasi yupo mwingine: mkurugenzi wa kampuni ya ushauri wa biashara iliyoingiza shilingi bilioni mbili na milioni mia nne kwa mwaka mmoja, na ambayo haijalipa kodi hata senti. Severa huyu wa pili alijulikana wiki mbili zilizopita, na wa kwanza kupata mshtuko alikuwa Severa mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne mchana. Alikuwa ameketi dukani kwa rafiki yake Bi Zeina, muuza shuka na mapazia wa chini ya jengo hilohilo, televisheni ikiwa juu ya kabati. Kilikuwa kinarudiwa kipindi cha uchunguzi kuhusu matajiri wa jiji wanavyokwepa kodi.

Kipindi kilikuwa kizuri, tusiseme uongo. Kilieleza kwa lugha nyepesi kwamba kampuni kubwa hujiandikia imelipa mabilioni ya "ushauri" kwa kampuni ndogo, na faida ikayeyuka kwenye vitabu pamoja na kodi yake. Kampuni ndogo nayo, ambayo mara nyingi ni ya karatasi tu, hufungwa kabla haijaulizwa chochote.

Tajiri mwenyewe aliitwa "mfanyabiashara mmoja maarufu". Geti la nyumba yake lilipigwa picha kutoka mbali na namba za magari yake zikafunikwa. Kisha ikajaa kwenye kioo karatasi ya usajili wa kampuni, mstari mmoja umepakwa rangi ya njano: SEVERA A. KAVISHE, MKURUGENZI. Ilikaa kama sekunde tano hivi. Baada yake wakaonyeshwa wauza nyanya wa Kariakoo wakipanga mafungu.

"Nikamwambia, we Severa, mbona jina lako? Akanijibu majina yanafanana," anasimulia Bi Zeina. "Nikamtazama, chai inamwagika kwenye sahani. Na mimi nikawaka! Nisipotoa risiti ya shuka moja tu nafungiwa duka. Leo habari ni ya tajiri, picha ni za wauza nyanya, jina ni la mpika chai. Ndiyo nini sasa?"

Gazeti hili lilimtafuta mtangazaji wa kipindi hicho, Jacqueline. Hakukwepa.

"Mwanasheria wetu alituambia tukimtaja tajiri mwenyewe, kesho yake tuko mahakamani. Tukaficha kila kinachomhusu," alisema. "Ile karatasi ilikuwa ya umma, mtu yeyote anaweza kuiomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza huyo Severa ni nani. Tulidhani ni mmoja wao. Inaniuma sana."

Tusimrushie mawe peke yake. Hata gazeti hili halimtaji tajiri huyo, ambaye ndiye bosi wa Severa, kwa woga uleule. Wakili wake alitujibu kwa mistari miwili: mambo yote yamefanyika kwa mujibu wa sheria, na kila mkurugenzi anajua wajibu wake.

Severa alipataje kuwa mkurugenzi? Anaeleza huku akisuuza vikombe kwa mkono mmoja. Ilikuwa Novemba, mwaka juzi. Mhasibu wa ofisi anayofagia, Elibariki, Mchaga mwenzake kutoka Machame, alimfuata jikoni.

"Akaniambia, 'Mama Severa, lete kitambulisho na picha mbili ndogo, tunakuandikisha kwenye mfuko wa jamii.' Miaka tisa nilikuwa naomba hicho kitu. Nilishukuru hadi nikapiga goti."

Alisaini mahali kumi na moja. Kurasa mbili zilikuwa tupu kabisa, na hakuuliza. Alidhani zitajazwa baadaye, kama fomu za hospitali. Kesho yake alikaanga maandazi kwa hela yake na kugawia ofisi nzima, bosi akala matatu.

"Hayo maandazi ndiyo yananiumiza roho," anasema. "Waliyala wakijua."

Tangu kipindi kile kirushwe, maisha yake yamegeuka. Vijana wa meza za mtaani wanamwita Mama Bilioni akipita. Wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa wamemuuliza, nusu utani nusu kweli, kwa nini anakopa laki moja. Ameacha kwenda.

Lakini kilichomtisha kuliko yote ni salamu. Bosi ni mdogo kwake kwa miaka michache, na kwa miaka yote aliyomfanyia kazi hakuwahi kumsalimia. Alikuwa akinyoosha mkono tu kupokea kikombe. Asubuhi baada ya kipindi, alisimama mlangoni pa jiko.

"Akasema, 'Shikamoo, mama.' Nikajua hapa pana jambo kubwa."

Siku ya nne ikaja barua ya wito kutoka ofisi ya kodi: afike Jumatatu hii inayokuja, saa tatu asubuhi, aeleze shughuli za kampuni yake. Siku hiyohiyo Elibariki akamletea karatasi nyingine. Ilikuwa barua ya kujiuzulu ukurugenzi, imeshaandikwa, nafasi ya tarehe imeachwa wazi. "Saini hapa tu, mama, yaishe," alimwambia.

Severa aliomba dakika tano aangalie chai iliyo jikoni. Alirudi mkono umefungwa kitambaa.

"Nilimwambia nimeungua na maji ya moto, siwezi kushika kalamu," anasema, kisha anafungua ncha ya kitambaa kutuonyesha. Ngozi ni nzima, haina hata baka. "Sikujua la kufanya. Nilijua tu kwamba sisaini tena."

Ndiyo maana kwa siku kumi za kazi sasa anapiga deki kwa mkono wa kushoto. Kila jioni Elibariki anamuuliza kama kidonda kimekauka.

Lililobadilisha mambo lilitoka kwenye kipindi kilekile kilichomwanika. Bi Zeina alikitafuta kwenye simu wakakisimamisha penye karatasi. Severa alitaka kuona kama saini ni yake kweli. Ilikuwa yake. Ila chini yake, kwenye kipande cha ukurasa wa pili ambacho kamera ilikipitia bila kukusudia, walisoma kwamba mkutano wa wakurugenzi ulifanyika Dar es Salaam, tarehe 27 Desemba mwaka juzi, saa nne asubuhi. Mwenyekiti, Severa Kavishe. Katibu, Elibariki.

Bi Zeina aliangua kicheko hadi wateja wakageuka. "Wachaga wawili, wako Kariakoo, Desemba ishirini na saba? Nani alikudanganya! Mwezi huo nusu ya maduka ya mtaa huu yamefungwa, wenyewe wako kwao mlimani kwa Krismasi."

Ni kweli. Kila mwaka Severa huomba likizo kuanzia Desemba 20 na kupanda basi la Rombo, hata kama nauli ni ya kukopa. Elibariki naye huwa Machame na wanawe. Aliyejaza kurasa zile tupu alitafuta tarehe ya mwisho wa mwaka, akaandika, akasahau watu wake ni wa wapi.

Na siku hiyo hasa Severa anaikumbuka. Alikuwa kanisani kwao, amembeba mtoto wa kaka yake Theophil, kwa sababu ndiye mama wa ubatizo. Baada ya ibada alisaini kitabu cha parokia. Kalamu ilikata wino katikati ya jina, akaazima ya katekista. "Kwa hiyo mwanzo ni bluu, mwisho ni mweusi," anasema. "Hiyo saini niliiweka nikiwa najua naiweka kwa ajili ya nani."

Theophil amepata nakala yenye muhuri na kumkabidhi kondakta wa basi. Inatarajiwa Dar es Salaam kesho Jumamosi. Picha yake ipo kwenye simu, lakini Severa haiamini simu.

"Basi likiharibika njiani je? Kondakta akisahau? Nimeshampigia Theophil mara sita. Sasa hapokei."

Mwanasheria mmoja aliyemsikiliza bure hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia karatasi ya parokia haitafuta saini zake kumi na moja. Itaonyesha tu kwamba mkutano ule haukuwapo, na kwamba kuna mtu aliyejaza uongo juu ya jina lake. Pa kuanzia papo, pa kumalizia bado. Anaweza kuambiwa alipe. Anaweza kushtakiwa. Hakuna aliyemwahidi kinyume chake, na sisi hatuwezi.

Jacqueline amemwomba mahojiano, sura ikifichwa. Severa amekubali mahojiano, amekataa kufichwa. "Jina mlilitoa lote, sura mnaificha ya nini? Waone mkurugenzi wao anafananaje." Kwa sharti hilohilo ameruhusu gazeti hili liandike jina lake.

Kazi anajua itakwisha. Ameshaulizia nafasi ya kuuza chai kwa wauza mitumba wa Mchikichini, na chupa mbili kubwa Bi Zeina atamkopesha. Chai yake ni nzuri, hilo mwandishi amelihakikisha kwa vikombe viwili.

Je, haogopi kwamba gazeti likitoka, siri ya mkono itakuwa hadharani?

"Si mmesema linatoka Jumatatu?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Jumatatu nitawahi, nifagie, niache chai ipo kwenye chupa, niondoke. Saa tatu nafungua kitambaa mbele ya maofisa. Maelezo yangu nitayasaini, lakini kwanza niyasome yote. Wakinipa ukurasa mtupu, mkono unaungua tena."

Saa mbili kasoro. Viatu vinasikika kwenye ngazi. Severa anakaza fundo la kitambaa kwa meno, anainua sinia kwa mkono wa kushoto. Tunashuka, Elibariki anapanda na bahasha ya kaki kwapani. Hajui sisi ni nani, anatupita. Nyuma yetu tunasikia sauti zao.

"Shikamoo, Mama Severa. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba. Bado bado, baba. Jumatatu utakuwa umepona."