Ng'washi na Watu wa Mlimani

Alhamisi ile asubuhi mke wangu Ng'washi alifungwa magoli manne kwa moja. Akaweka simu juu ya kinu, akamaliza uji wake, akasema twende, pamba inaanguka. Tukaenda. Alimaliza mstari wake kabla sijafika katikati ya wangu, kama miaka yote. Akanisubiri mwisho wa mstari akila kiazi, ananitazama ninavyokuja.

Hakuna kilichoonyesha lolote. Kesho yake miguu ilivimba, binti yetu Valeria akaja na gari kutoka Bariadi, akampeleka hospitali.

Kwenye msiba watu waliuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nilisema alikuwa mkulima. Ni kweli, ila haitoshi.

Simu ilikuwa ya Valeria. Yeye anafanya kazi halmashauri. Alipopata nyingine, hii yenye ufa akamwachia mama yake ili wapigiane. Ndani yake kulikuwa na mchezo. Kijana mwenye nywele za njano anapewa upanga na mfalme, akamtafute binti wa mfalme aliyechukuliwa na joka. Njiani anaongea na watu, anapigana, anapata nguvu, anaenda mbele. Valeria alimfundisha mama yake Jumapili moja, namna ya kugusa na namna ya kusogeza, kisha akarudi mjini.

Alipokuja tena baada ya wiki mbili, upanga haupo. Ngao haipo. Hata viatu havipo. Kijana amesimama peku katikati ya ng'ombe saba.

Kumbe mji ule una soko, na sokoni wanabadilishana vitu. Ng'washi aliona ng'ombe, akaona upanga, akafanya alichofanya. Mimi ningefanya vilevile. Upanga hauzai.

Valeria alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza. Mlinzi wa lango hamruhusu kijana kutoka bila upanga, kwa hiyo hadithi imekwama. Dawa yake ni kufuta yote na kuanza upya. Ng'washi akauliza wale ng'ombe watakwenda wapi. Valeria akasema watapotea.

"Binti wa mfalme ana baba yake," Ng'washi alisema. "Hawa wana mimi."

Mazungumzo yakaisha. Yule binti yuko kwa joka mwaka wa pili sasa, na ng'ombe walifika thelathini na mmoja.

Kilichobaki ndani ya lango ni uwanja, nyuma ya soko. Wanacheza mpira wa ngozi, watano kwa watano. Valeria alisema huo ni mchezo mdogo tu, uliwekwa ili mtu apumzike akichoka kupigana. Ng'washi hakupumzika. Aliwapa wachezaji wake majina. Golikipa alimwita Bundala, jina la kaka yangu, kwa sababu anasimama tu na mambo yanampita. Yule mfupi wa mbele alimwita Mayige, jina la mjomba wake aliyekuwa hodari wa kucheza ngoma na kukwepa jembe.

Aliwafunga waoka mikate. Aliwafunga askari wa mfalme. Ikabaki timu moja, watu wa mlimani, wamevaa nyeusi, nahodha wao ana jicho moja. Hao walimfunga kila siku. Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha. Nilimwambia aachane nao, mbona wengine anawaweza. Akaniambia ngosha, yaani mwanaume, mimi siondoki duniani na hawa wamenikalia kichwani. Alisema hivyo akipepeta mtama, bila kunitazama. Nikajua ni kweli.

Lazima niseme habari ya ngoma, maana bila hiyo hamtaelewa.

Kwetu Wasukuma wachezaji wa ngoma wako makundi mawili, Bagika na Bagalu. Pamba ikishauzwa wanakutana uwanja mmoja, hawa huku, hawa kule, na kila kundi linacheza lake kwa wakati uleule. Hakuna magoli. Watu wanasimama katikati, na wanakwenda wanakoona kuzuri. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ng'washi ni mtoto wa Machibya, manju, kiongozi wa ngoma, wa Bagika. Mimi nilikuwa napiga ngoma upande wa Bagalu. Mwaka ule tulikuwa na watu wengi mpaka saa tisa. Ndipo akatoka msichana upande wa pili, akarusha jembe juu, akageuka, akalidaka nyuma ya mgongo. Watu wakaanza kuhama. Nikaona wanahama. Nami nikaweka ngoma chini nikaenda kuangalia.

Wenzangu hawakunisamehe. Wengi wamekufa hawajanisamehe. Mahari niliipeleka mwaka uleule.

Sasa, Alhamisi ile ya manne kwa moja, kabla ya kuweka simu juu ya kinu, alinisogezea kioo. Pembeni ya uwanja wa mchezo kuna watu wadogo wamesimama. Sisi wote tulidhani ni pambo. Akamfanya Mayige apandishe mpira begani, auzungushe shingoni. Watu watatu wakahama kutoka upande wa weusi kuja upande wetu. Mayige naye akaongeza mbio kidogo. Mpira ukaisha hapo.

"Umewaona?" aliniuliza.

Niliwaona. Shambani siku ile aliimba.

Hospitali ya Bariadi walimlaza wodi ya wanawake. Daktari alisema ni moyo, Jumatatu atakwenda Mwanza. Ng'washi alimsikiliza vizuri, akamshukuru. Daktari alipotoka, mke wangu akaniambia tuna Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi hakuweza kushika simu. Jumapili saa nane, baada ya watu wa ibada kutuombea, aliomba nimkalishe. Nikamwekea mto. Kitanda cha jirani alilala Rahel, mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi, amefungwa mguu. Akauliza mama anacheza nini. Ng'washi akaeleza kwa ufupi. Rahel akawaeleza wengine kwa urefu, na mengine akayaongeza. Wanawake wanaoweza kutembea wakasogea.

Nesi akaja. Anaitwa Sia, wa Kilimanjaro, amehamishiwa huku mwaka jana. Nilidhani atachukua simu. Alisimama kwanza akaangalia, akauliza wale weusi ni akina nani. Rahel akamwambia ni watu wa mlimani.

"Mayu, hapo pole," nesi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi ni wa mlimani. Nawashangilia ndugu zangu."

"Simama nao," Ng'washi akamjibu. "Uone watu watakavyokukimbia."

Wakaanza. Weusi wakapata moja, wakapata mbili. Ng'washi hakukimbilia goli lao hata kidogo. Mayige alikuwa kwenye kona peke yake, anazungusha mpira shingoni. Ikawa tatu. Bundala amesimama tu. Rahel akashindwa kuvumilia, akasema mama piga mbele basi, unacheza kama mtu anayeanika dagaa. Nesi Sia akasema mwacheni, bibi ni mkarimu. Ikawa nne.

Mimi sikuangalia mpira. Niliangalia watu wa pembeni. Walihama mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Upande wa weusi akabaki mzee mmoja na mbwa. Nikamwambia mke wangu, wamekwisha kuja.

"Nimewaona kabla yako," alisema.

Hapo akamwachia Mayige. Sijui niseme alikimbia namna gani. Watu wakishahamia kwako kwenye mchezo ule, wachezaji wako wanakuwa kama ndama waliofunguliwa asubuhi. Goli la kwanza, la pili. La tatu. Nikataka kumshikia simu, Ng'washi akaniondoa kwa kiwiko. La nne. Nahodha wa jicho moja akaja na wenzake wote kumzunguka Mayige. Ng'washi akarudisha mpira nyuma kabisa kwa Bundala. Rahel akafunika uso. Bundala akatoka golini. Hakuna aliyemkaba, maana hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Alivuka uwanja wote, akafunga.

Tano kwa nne.

Mwanamke mmoja alianza kigelegele, nesi akamkataza kwa mkono huku anacheka. Kisha akampima mke wangu presha, akasema imepanda na yeye ndiye atakayeulizwa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema refa yule lazima ni Msukuma. Ng'washi alicheka mpaka akakohoa. Jioni ile alikula ugali wote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu asubuhi wakampandisha gari la Mwanza. Valeria akaenda naye. Mimi ilinibidi nirudi nyumbani Ipililo, ng'ombe walikuwa siku ya nne kwa jirani, nikapanga nifuate Alhamisi. Jumatano alfajiri Valeria alipiga simu.

Kwa hiyo yale ya Jumatatu ndiyo ya mwisho. Dereva alikuwa ameshawasha. Ng'washi aliniita kwa mkono nikasogea dirishani. Nilidhani anataka kunipa maneno ya watoto, au ya shamba. Alinishika ukosi wa shati akanivuta karibu. Alisema hivi, na sijapunguza neno:

"Ukifika nyumbani waambie wote kwamba nimewafunga watu wa mlimani, tano kwa nne. Wakikuuliza uwanja gani, sema hukuuliza."