Malkia Eleputa wa Nchi ya Apifu

Huu mkasa mkiucheka chekeni taratibu, maana mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu, ikifika sikukuu ya mavuno kanisani kwetu huwa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wanaojua sababu hawaniulizi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yameanza kujaa vitu (sabuni za kuchagua, masweta ya mitumba, betri ambazo huzipangii foleni), na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Mbeya, Mama Atupele, akafungua duka la karatasi na kalamu, akaleta na mashine ya fotokopi. Mimi, Deo, kijana wa Pito niliyemaliza kidato cha nne nikabaki kuzurura, ndimi aliyeniajiri kuiendesha, na umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika kweli kweli, nakaa nyuma ya mashine nachora katuni.

Katuni yangu ilihusu vijana wanne wa mazingaombwe wa hapa hapa mjini. Kila mmoja akichungulia ndani ya ndoo ya maji haoni sura yake, anamwona mwenzake wa upande wa pili, yaani yeye mwenyewe lakini kinyume, mpole kule ni mkali, mwoga kule ni shujaa. Nchi ya upande huo niliiita Apifu, ambayo ni Ufipa yetu ikisomwa kutoka mwisho, na ukurasa wa kwanza nikaandika kwa majivuno kabisa: "Kule Apifu kila kitu ni kinyume, hata majina."

Sasa nikahitaji malkia mbaya. Nimeshika kalamu, natafuta jina, nje naisikia sauti inaita, "Mama Atupele, karatasi zimefika!" Nikaligeuza palepale nikapata Eleputa. Jamani, jina tamu namna hiyo nani angeliacha? Na kwa kuwa jina lilikuwa lake, nikamvika kilemba chake kinachoegemea sikio la kushoto, nikampa na msemo wake wa dukani, "Sisemi mara mbili!" Nilijua hatasoma, mama wa watu hakuwa na muda.

Kweli hakusoma. Aliangalia picha za mbele, akasema, "Unajua kuchora, mwanangu," akanipa karatasi za kutolea nakala bure na kuahidi tutaziuza siku ya mavuno, watu wakimaliza kunadi maharage na kuku. Siku hiyo akapanda mwenyewe ngazi za kanisa, akichechemea (mguu ulikuwa unamsumbua), akatangaza kwamba kijana wake ametunga kitabu, na mpwa wake Rita atatusomea kidogo. Rita alikuwa mwalimu wa chekechea, na mimi kwa Rita nilikuwa hoi muda mrefu bila kumwambia kitu.

Akasoma vizuri, upepo unapeperusha gauni lake, watu wametulia. Alipofika kwa Eleputa anayesema hasemi mara mbili, fundi baiskeli mmoja aliyekuwa ameshika nakala yake akaanza kuhesabu herufi kwa kidole kutoka mwisho, kisha akapiga yowe.

"A-tu-pe-le! Nyie, ni Mama Atupele huyu! Tazameni kilemba!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Watu wakanyang'anyana nakala, kila mtu akageuza kila jina, wengine wakijitafuta wao, na Mama Atupele kasimama pale juu na tabasamu ambalo lilikuwa halijajua liende wapi. Ningeomba radhi wakati ule yangeishia hapo. Badala yake nikainama nikijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akainua nakala yake, hacheki.

"Na mguu je?"

Kwenye kitabu, uchawi wa Eleputa unamrudia, mguu wake unakuwa gogo, anachechemea. Nyie mnajua sifa ya mji wetu kwa uchawi. Kicheko kilikatika kama umeme.

"Kijana," mzee akasema, "uliuchora lini mguu huu, kabla hajaumwa au baada?"

Niliuchora kabla. Nikaona akina mama wanavuta watoto wao karibu, mmoja akaitupa nakala chini kama imemuunguza, na mimi kwa hofu nikaropoka jambo la kwanza lililonijia.

"Shikamoo mzee, siyo uchawi! Hata mimi mwenyewe nimo! Oed ni mimi, Deo! Ningejiroga mwenyewe?"

Rita akafungua kurasa kumtafuta Oed. Akamkuta, mrefu kuliko mimi, kifua kipana, amepiga magoti mbele ya binti mfalme anayeitwa Atir. Akalisoma jina hilo kimoyomoyo, akalirudia kutoka mwisho, akaniangalia.

"Na huyu Atir," akauliza mbele ya kanisa zima, "alikubali lini?"

Mama Atupele ndiye aliyeniokoa. Aliwaambia watu kwa sauti kavu kwamba aliumia mguu kwa kuanguka kwenye boksi la karatasi ambalo Deo alilisahau mlangoni, kwa hiyo kama ni uchawi basi ni uchawi wa uvivu, na sasa turudi kwenye kuku. Watu wakacheka tena, mzee akakaa.

Jumatatu nikaenda dukani nikijua nafukuzwa. Nilimkuta amemimina chai vikombe viwili. Nikaanza kuomba radhi kwa kilemba, kwa msemo, kwa mguu.

"Hayo yalinichekesha," akasema. "Mimi naitwa Subilaga. Hilo ungeligeuza utakavyo."

Sikuelewa. Akazungusha kikombe.

"Atupele ni mwanangu. Surua ilimchukua kule Tukuyu, hata shule hajaanza. Nilipohamia huku hakuna anayemjua, nikasema angalau watu wakiniita watakuwa wanamtaja. Wewe umemfanya mchawi."

Nilikuwa nimefanya kazi na mama yule siku zote hizo, na jina lile nililiita asubuhi mpaka jioni.

Nilizunguka mji mzima kuomba nakala zirudi, kwa baiskeli mpaka Mpui. Nyingi nilizipata, nikazichoma. Kazi hakuninyima. Rita aliolewa na bwana mifugo, na sikulaumu mtu. Ila mimi tangu hapo, nikitambulishwa kwa mtu nikaambiwa huyu ni Mama Fulani au Baba Fulani, kabla ya neno lingine lolote huwa nauliza kwanza, "Fulani hajambo?" Kisha nasubiri jibu.